Mashine inalia, boti haiendi: propela ipi ununue kwa Enduro ya 40

Kusi ikianza kuvuma, malalamiko ninayoletewa ni yale yale: mashine inapiga kelele, boti haisogei. Mwenye chombo keshabadilisha plagi, keshasafisha kabureta, fundi keshafungua gia na kuifunga, na pesa zimekwenda. Juzi msomaji mmoja wa Pangani kaniandikia kwamba amenunua propela mpya ya pichi ndogo (pichi ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja), kama alivyoshauriwa dukani, na boti imekuwa goigoi kuliko mwanzo. Nikamwuliza swali moja tu: bushi umeikagua? Akaniuliza, bushi gani?

Basi mwongozo huu ni wa bushi. Upana wa propela, mapanga matatu au manne, rangi nyeupe au nyeusi, hayo muuzaji atakueleza hata kabla hujafika kaunta. Nazungumzia zaidi Yamaha Enduro ya 40, mashine ya boti ya nguvu za farasi 40, kwa kuwa mwambao wetu huu huwezi kutembea ufukweni usiikute.

Ndani ya kitovu cha propela mna mpira uliobanwa kwa nguvu kati ya mwili wa aluminiamu na kibomba cha katikati, kile chenye meno yanayovaa shafti. Kazi yake ni kupokea mshtuko. Ukiingiza gia kwa pupa, au propela ikigonga mwamba, mpira unateleza kidogo ili meno ya gia yasikatike. Ila mpira ukizeeka, au ukiwa umebanwa ovyo tangu kiwandani, unateleza hata pasipo kugonga kitu. Shafti inazunguka, propela inabaki nyuma, na petroli unaunguza kwa kelele.

Utaijuaje? Ukienda polepole, boti inatii. Ukizidisha resi, kuna mahali mlio unapanda ghafla na mwendo haupandi. Wengi husingizia mawimbi. Ni kweli propela ikivuta hewa mlio hupanda pia, lakini hiyo hutokea unapokata kona au boti inaporuka wimbi, na ukipunguza resi inashika maji tena. Dawa yake ni kushusha mashine mpaka lile bamba lililo juu ya propela lilingane na chini ya boti, au lishuke kidogo. Bushi haichagui bahari. Itateleza kwenye maji matulivu, ukienda moja kwa moja, palepale kila ukizidisha.

Jaribio lake halina gharama. Fungua nati, vua propela, chora mstari mmoja kutoka kwenye kibomba cha katikati mpaka kwenye mwili wa propela. Rudisha, nenda baharini na mzigo wako wa kila siku, kamua resi, kisha rudi utazame. Mstari ukikatika na vipande havikutani, mwizi umempata. Na fundi akisema atoboe kitovu apige bolti ili bushi isiteleze tena, chukua propela yako uondoke. Siku utakayogonga mwamba itakayovunjika ni gia.

Ukiwa umevua propela, tazama pia kama pana mshipi wa kuvulia uliojizungusha kwenye shafti. Ule uzi hukata sili, maji yanaingia kwenye oili ya gia, na oili inageuka rangi ya maziwa.

Bushi ikiwa nzima, angalia chini ya chombo kabla ya kuilaumu propela. Boti iliyoota uchafu wa bahari inakula nguvu, na wenye vyombo vya mbao wasiopaka deheni kwa wakati wanalijua hilo. Baada ya hapo ndipo tuzungumze pichi. Kitabu cha Enduro ya 40 kinataka mizunguko 4500 hadi 5500 kwa dakika ukiwa umefungua resi yote. Mashine nyingi hazina kipimo cha mizunguko, lakini kuna vidogo vya kufunga kwenye waya wa plagi na havina gharama kubwa. Mizunguko ikiwa chini ya hapo na mzigo wako wote umo, punguza pichi, ikizidi, ongeza. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 200. Anayebeba barafu, nyavu na watu anunue kwa ajili ya safari hiyo nzito, siyo kwa ile ya asubuhi aliyojaribia boti tupu.

Sasa za kununua.

Ya kwanza ni Yamaha yenyewe, ya aluminiamu, mapanga matatu. Mniite mpendeleaji, sikatai. Bushi yake inadumu, na maandishi yake yanasomeka: 11 3/8 x 12-G maana yake upana inchi 11 na 3/8, pichi 12, na G ni jamii ya kitovu kinachovaa mashine za 40 mpaka 60. Aluminiamu ikigonga jiwe inapinda, na fundi mzuri anaweza kuinyoosha au kuichomelea. Kwa bahari yenye miamba kama yetu, nataka kinachopinda kiwe propela.

Ya pili ni Solas, ya Taiwan. Amita yao ya aluminiamu nimeipenda, na kwa boti ya abiria ile ya mapanga manne inashika maji vizuri chombo kikiwa kimejaa, ingawa utapoteza mizunguko kidogo. Wanayo pia Rubex, ambayo bushi yake inatolewa na kubadilishwa bila mashine ya kukandamiza. Ukiipata ya saizi yako pamoja na bushi ya akiba, mimi sina ubishi.

Ya tatu ni stenlesi. Ni ngumu, nyembamba, inakimbia. Waachie wanaopeleka watalii kwenye kina kirefu. Kwenye miamba haipindi kirahisi, na mshtuko mkubwa zaidi unapanda kwenye gia.

Zile za bei ya kutupa zisizo na jina: bushi. Sina la kuongeza.

Kinachoniudhi hasa ni boksi. Boksi la Yamaha, stika ya Yamaha, ndani propela ambayo namba zake zimechapwa kwa kupinda na mpira umetokeza pembeni kama ufizi. Ukiuliza unaambiwa "orijino hiyo, mama". Bei nayo unatajiwa kwa dola, wakati kanuni za 2025 zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni hapa Tanzania. Ukimkumbusha anacheka, anaigeuza shilingi kwa kiwango chake mwenyewe. Ukimwomba uchore mstari wako ukaijaribu, uirudishe ikiteleza, anakuonyesha maneno yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Mwambie aandike kwenye hiyo hiyo risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) jina la propela, namba zake zote na herufi ya mwisho. Anayejua anachouza ataandika. Akianza kukuambia mashine ya risiti ina hitilafu, boksi liache hapo hapo kaunta.