Fremu safi, lakini Yesu wangu walimkata miguu

Nilitaka kumpelekea mamangu zawadi, yeye ni mwenyekiti wa jumuiya huko nyumbani, nikachagua Yesu msalabani wa Velázquez, yule mchoraji wa Uhispania, ile picha ya mwaka wa 1632 hivi iliyoko makumbusho ya Prado, Madrid. Faili nikapeleka duka moja la fremu hapa Kisumu, saizi ya A2 na kioo, shilingi 3,500.

Fremu sina neno. Mbao nzito, pembe zimeshikana, kioo safi. Shida ni picha bana. Jamaa wa kompyuta kuona nyuma ni kweusi tititi akadhani ni kamera mbaya, akapandisha mwangaza mpaka ikawa kama jioni ya mawingu, halafu akakata huko chini ndio iingie kwa fremu aliyokuwa nayo.

Sasa tukaanza kubishana, maana amegusa penyewe. Ule weusi unakukumbusha lile giza la saa sita hadi saa tisa, hakuna mlima hakuna askari hakuna mtu analia, ni yeye tu. Na miguu! Wachoraji wengi walikuwa wanaipandanisha, msumari mmoja, jumla mitatu, lakini Pacheco, mwalimu wa Velázquez na pia baba mkwe wake, alishikilia kabisa kwamba misumari ilikuwa minne, ndio maana huyu Yesu amekanyaga kibao, kila mguu na msumari wake, ametulia kama mtu amesimama. Ukikata hapo unabaki na mtu amenyoosha mikono tu.

Kijana wa kaunta akaniuliza, "Lakini boss, mbona yako haina fuvu?" maana wako na nyingine ukutani yenye fuvu chini ya msalaba. Swali poa kusema ukweli. Nikamwambia hilo ni la Adamu, watu walisimulia alizikwa palepale Golgotha ndio damu imdondokee, ila Velázquez hakuliweka. Akaitikia tu "sawa," akarudi kwa simu yake.

Waliprinti upya bure, lakini fremu kubwa nikaongeza 600 na kungoja siku nne. Nyota tatu. Mkienda waambie wawaonyeshe kwa skrini kabla waprinti, na msilipe yote.

Mama ameitundika juu ya TV. Anachouliza kila mgeni ni kama anajua kusoma yale maandishi ya juu, Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, na hakuna amepita bado.