Albamu mpya za jazi nilizozisikiliza hadi mwisho, na zipi zinastahili muda wako

Mimi albamu ya jazi naipima kwa jambo moja kabla ya yote: wanamuziki wanasikilizana? Ufundi wa vidole siku hizi upo tele. Kuna vijana wanatoka vyuoni wakiwa wanaweza kupiga chochote kwa kasi yoyote. Lakini kumsubiri mwenzako amalize alichokuwa anasema, kumwachia nafasi, kupunguza sauti yako ili yake isikike, hilo halipatikani kila mahali. Albamu zilizotoka kati ya 2024 na 2025 zimenipa raha kwa sababu hiyo hasa, na zile zilizoniacha nusu njia nazo zilikwama hapohapo.

Naanza na iliyonishika kuliko zote: Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace ya Shabaka, iliyotoka Aprili 2024 kwa lebo ya Impulse!. Huyu ni Shabaka Hutchings yuleyule wa bendi za Sons of Kemet na The Comet Is Coming, aliyejulikana kwa kupuliza saksafoni kwa nguvu zote bila kupumzika. Mwishoni mwa 2023 akaiweka saksafoni kando, akageukia filimbi, hasa shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Kijapani ambayo huchukua muda mrefu mtu kuitoa hata noti moja safi.

Albamu ilirekodiwa katika studio ya Van Gelder kule Englewood Cliffs, New Jersey, palepale mpiga saksafoni John Coltrane aliporekodi A Love Supreme mwaka 1964. Jinsi walivyorekodi ndiyo siri ya sauti yake. Kwa kawaida studioni kila mwanamuziki hutengwa kwa ukuta au kioo, akawasikia wenzake kupitia hedfoni, ili baadaye fundi wa sauti aweze kumpandisha huyu na kumshusha yule. Shabaka na wenzake walikaa chumba kimoja, bila hedfoni, bila vizuizi. Sasa fikiria maana yake: filimbi ya mwanzi ina sauti ndogo, na hakuna fundi atakayeiokoa baadaye. Mpiga piano akizidisha, filimbi imepotea. Mpiga drams akisahau, imepotea. Kila mtu analazimika kushuka hadi kwenye kiwango cha aliye mpole kuliko wote.

Na hilo linasikika. Katika kibao cha kwanza, End of Innocence, Shabaka anapuliza klarineti, na pumzi yake inaifikia mikrofoni kabla ya noti yenyewe. Unasikia hewa kwanza, halafu sauti. Jason Moran kwenye piano anaweka noti chache, anaziacha zife zenyewe ndipo aongeze nyingine. Waalikwa ni wengi, akina Esperanza Spalding, Brandee Younger, Moses Sumney, Saul Williams na André 3000, na hata hivyo hakuna anayekuja kujionyesha. Kibao cha mwisho, Song of the Motherland, kimebeba sauti ya baba yake mzazi, Anum Iyapo, akighani shairi. Nilikirudia mara nyingi kuliko vyote.

Hapa niseme jambo la kiufundi, kwa sababu limeharibia watu wengi usikilizaji wao. Programu nyingi za kusikilizia muziki zina kitufe cha kusawazisha sauti ili nyimbo zote zilingane ukubwa. Mipangilio mingine ya kitufe hicho huenda mbali zaidi, hubana tofauti iliyopo kati ya sehemu za chini na za juu. Jazi inaishi katika tofauti hiyo. Kizime. Zima pia kuchanganya nyimbo, maana albamu kama hii imepangwa mwanzo hadi mwisho, na uwashe uchezaji usio na mapengo kati ya nyimbo kama programu yako inao. Ukitegemea spika ya simu, besi hutaisikia kabisa na nusu ya filimbi itakupita. Hedfoni za kawaida tu zinatosha, mradi pawe na utulivu.

Charles Lloyd alitoa The Sky Will Still Be There Tomorrow tarehe 15 Machi 2024, siku aliyotimiza miaka 86. Ni albamu ya santuri mbili kwa lebo ya Blue Note, na kundi alilolikusanya linatisha kwa uwezo: Jason Moran tena kwenye piano, Larry Grenadier kwenye besi, Brian Blade kwenye drams. Mzee hapulizi kwa nguvu za ujana, na haigizi kwamba anazo. Saksafoni yake imekuwa nyepesi, ina mkwaruzo kidogo pembeni, inazunguka wimbo bila kuugusa moja kwa moja. Anayenishangaza ni Blade. Msikilize matoazi yake peke yake kwenye Defiant, Tender Warrior, usahau vingine vyote kwa muda, uone jinsi anavyoinua na kushusha wimbo mzima huku sauti yake ikiwa chini ya saksafoni. Kuna pia Booker's Garden, kumbukumbu ya Booker Little, mpiga tarumbeta aliyekuwa rafiki wa Lloyd tangu ujana wao Memphis, aliyefariki mwaka 1961 akiwa na miaka 23 tu. Mtu wa miaka 86 anamlilia rafiki aliyebaki kijana, na hakuna hata sekunde moja ya kujiliza. Albamu ni ndefu, naam. Mimi naisikiliza santuri moja leo na nyingine kesho, na haipungukiwi kitu.

Kama kusikilizana ndilo unalolitafuta, basi The Way Out of Easy ya Jeff Parker ETA IVtet ni lazima uisikie. Ilitoka Novemba 2024, lakini ilirekodiwa Januari 2023 katika baa ndogo ya Los Angeles iitwayo ETA, ambako kundi hili la watu wanne lilikuwa likipiga kila Jumatatu kwa miaka. Vipande ni vinne tu, na cha kwanza, Freakadelic, kinapita dakika 20. Josh Johnson anapitisha saksafoni yake kwenye vifaa vya umeme, akawa anatengeneza miviringo ya sauti inayorudi nyuma ya wenzake. Anna Butterss kwenye besi anashika mstari mmoja na hauachi. Jay Bellerose anapiga drams kavu, zisizo na mbwembwe. Parker mwenyewe, mwenye gitaa na jina kwenye jalada, mara nyingine unamsahau kabisa, halafu ghafla unagundua kwamba mwelekeo wote umebadilika na ni yeye aliyeubadilisha kwa noti tatu. Watu waliozoea jazi ya solo baada ya solo watauliza lini inaanza. Inaanza dakika ya kwanza. Hakuna zamu humo, wote wanne wanaongea kwa pamoja na wote wanaeleweka. Baa hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2023, kwa hiyo rekodi kama hii ndizo tunazobaki nazo.

Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini naye ametoa uNomkhubulwane, Juni 2024, Blue Note. Makhathini ni mpiga piano na pia ni mganga wa jadi, na kwake vitu hivyo viwili havitengani. Albamu imegawanywa sehemu tatu, ikianza na tambiko, ikapita kwenye roho za maji, ikaishia kwenye mafanikio ya ndani, na jina lake ni la binti wa Mungu katika imani ya Wazulu. Wapo watatu tu: yeye, Zwelakhe-Duma Bell le Pere kwenye besi na Francisco Mela, Mkuba, kwenye drams. Mkono wake wa kushoto unarudia mdundo uleule kama mtu anayepiga dua, wa kulia unatanga, na juu yake anaimba kwa sauti ya chini isiyojali kama unamsikia. Kuna sehemu katikati ambapo marudio yalizidi kwangu na nikatamani kundi lifike mahali. Ila hiyo ni tabia ya muziki wenyewe, haukuundwa ufike haraka.

Gadabout Season ya Brandee Younger, ya Juni 2025, nayo usiikose. Ni kinubi, besi na drams, na kinubi chenyewe ni kile cha Alice Coltrane, mpiga kinubi mashuhuri wa jazi, kilichofanyiwa ukarabati. Ukijua historia hiyo unaweza kutegemea albamu ya kumuenzi mtu, lakini Younger anapiga mambo yake mwenyewe, tena ya mdundo wa leo. Shabaka anapita humo na filimbi yake. Ni fupi, ni nyororo, na kwa mtu asiyewahi kusikiliza jazi ningempa hii kabla ya zote.

Upande wa Uingereza, Nubya Garcia na Odyssey yake ya Septemba 2024 wamenifurahisha sana. Garcia ni mpiga saksafoni, na safari hii aliandika mwenyewe sehemu za ala za nyuzi zilizopigwa na wanamuziki wa okestra ya Chineke!. Mara nyingi nyuzi kwenye jazi huwekwa kama mapambo, zinafunika tu palipo wazi. Hapa zinabishana na saksafoni, zinaingia kati ya sentensi zake. Ezra Collective, waliokuwa bendi ya kwanza ya jazi kushinda tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka, mwaka 2023, wametoa Dance, No One's Watching mwezi huohuo. Ni ya kuchezwa, na inachezeka vizuri mno. Ukikaa kitini kuichambua utaichoka, ukisimama haitakuchosha.

Mpiga saksafoni Kamasi Washington sasa. Nampenda, The Epic ya 2015 niliisikiliza yote na saa zake karibu tatu. Fearless Movement ya Mei 2024 ina nyakati kubwa: Asha the First imejengwa juu ya noti ambazo binti yake mdogo alizigusa kwenye piano, na Prologue, kibao cha kufunga, ni tungo ya Astor Piazzolla, mtunzi wa tango wa Argentina, inayopigwa kwa moto usioelezeka. Katikati, hata hivyo, wageni ni wengi mno, na kila mmoja amepewa wimbo wake badala ya kuingizwa kwenye mazungumzo. George Clinton yuko, Thundercat yuko, André 3000 na filimbi zake yuko, lakini sisikii wakijibizana na bendi. Linganisha na Shabaka aliyemwalika André huyohuyo, utaona tofauti ninayoizungumzia.

Ngumu kuliko zote ni honey from a winter stone ya Ambrose Akinmusire, Januari 2025. Tarumbeta yake, wapiga nyuzi wanne wa Mivos Quartet, piano, sintesaiza, drams za Justin Brown, na Kokayi anayeghani papo kwa papo. Kipande cha mwisho kinakaribia nusu saa. Haikupi melodi ya kuondoka nayo, na mara ya kwanza unaweza kuhisi ni vitu viwili vilivyolazimishwa kukaa pamoja. Endelea. Akinmusire ana namna ya kuipinda noti mpaka inakaribia kuwa sauti ya mtu anayetaka kulia akajizuia, kisha nyuzi zinaichukua hapo alipoiachia. Si ya kila siku. Mimi naiweka kwa siku nina nafasi na akili imetulia.

Kwa wapenzi wa jazi ya Ethiopia, Mulatu Astatke ametoa Mulatu Plays Mulatu, Septemba 2025, ambamo anarudia tungo zake za zamani kwa bendi kubwa na ala za kwao kama krar na masenko. Yekermo Sew imepanuliwa, ikapata nafasi ya kupumua ambayo rekodi za zamani hazikuwa nayo. Wanaopenda ukwaruzo wa rekodi zile za zamani watauona huu umesafishwa mno. Mimi nimeupenda, maana vibrafoni yake sasa inasikika hadi inapoishia.

Na kuna moja ambayo ni mpya kwa kutoka tu: Forces of Nature: Live at Slugs', ya mpiga piano McCoy Tyner na mpiga saksafoni Joe Henderson, iliyotolewa Novemba 2024 kutoka kanda za mwaka 1966. Henry Grimes yuko kwenye besi, na Jack DeJohnette, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo, yuko kwenye drams. DeJohnette ndiye aliyezihifadhi kanda hizo miaka yote, akaishi kuona zinatoka. Alifariki Oktoba 2025. Sauti si safi, besi inazama mara kwa mara, na drams ziko mbele kuliko zinavyotakiwa. Sikujali. In 'N Out inakaribia nusu saa, na kasi yake ni ya watu wanaokimbizana gizani bila kugongana. Kuna mahali Henderson ananyamaza, Tyner anabaki na DeJohnette peke yao wakisukumana, na unasikia watu ukumbini wakipiga kelele kwa sababu hawawezi kujizuia. Ongeza sauti ukifika hapo.