Uzoefu wangu: laptopu ya gemu yenye Ryzen 5 5600H na RTX 3050

Ukiulizia laptopu ya gemu Kariakoo, utaonyeshwa yenye i7, prosesa ya Intel. "Kaka, hii i7, inapiga gemu zote." Niliyoonyeshwa mimi ilikuwa i7-1165G7: kori 4, grafiki za ndani ya prosesa, kadi ya grafiki ya pembeni hakuna. Kwa Excel na Zoom haina tatizo. Kwa gemu nzito, hapana.

Nilikuwa na milioni 2 kasoro, nikachukua iliyotumika: prosesa ya AMD Ryzen 5 5600H, kadi ya grafiki ya NVIDIA RTX 3050 yenye kumbukumbu ya 4GB, RAM 8GB, SSD 512GB. Hadi sasa naona hela yangu imefanya kazi.

Kwenye prosesa, angalia herufi ya mwisho kabla hujababaishwa na 5 au 7. U ni ya kubana umeme, kawaida wati 15. H ni ya wati 45 au karibu na hapo. Yangu ina kori 6 za Zen 3 (Zen ni jina la muundo wa ndani wa prosesa za AMD), ya mwaka 2021. AMD nao majina yao yanahitaji macho: Ryzen 7 5700U, pamoja na hiyo 7 yake, ndani ni Zen 2, kizazi cha nyuma ya hii ya kwangu.

Ila prosesa siyo inayoamua gemu itakwendaje. Inayoamua ni kadi ya grafiki, na hapo ndipo watu wanapigwa. RTX 3050 ya laptopu inaweza kuwekewa wati kuanzia 35 hadi 80, kila mtengenezaji na uamuzi wake. Stika ni ileile, jina ni lilelile, nguvu mbalimbali. Kwa hiyo kabla ya kulipa niliomba mashine iwashwe, nikafungua NVIDIA Control Panel, Help, System Information, nikashuka mpaka kwenye Maximum Graphics Power. Ya kwanza ikasoma wati 50. Ya jirani yake, bei imezidi kidogo tu, ikasoma 75. Muuzaji mwenyewe akasogea kuchungulia. Nikabeba ya 75.

RAM ilikuwa kipande kimoja cha 8GB, nikaongeza cha pili kama hicho, DDR4-3200. Kipande kimoja kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili 51.2. Wastani wa fremu (picha kwa sekunde) haukupanda sana, lakini ule mkwamo wa ghafla ukikata kona kwa kasi mjini kwenye GTA V umeisha. Kama hela inaruhusu kitu kimoja tu baada ya kununua, nunua hicho. SSD inaweza kusubiri, ingawa gemu ya mpira FC 24 peke yake inataka 100GB, kwa hiyo jiandae kufutafuta.

Joto la Dar ni habari nyingine. Usiku wa Februari bila AC, feni zinavuma mpaka wa chumba cha pili anauliza kulikoni. Usiichezee kitandani, godoro linaziba matundu ya chini. Mimi nimeinua nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa za maji, hewa inapita, na prosesa haifiki tena nyuzi tisini na kitu kama mwanzo. Umeme ukikatika, cheza gemu ndogo tu: kwenye betri kadi inapunguziwa wati, na mechi inaanza kuburuza hata kabla chaji haijashuka.

Linalonibana ni zile 4GB za kadi. FC na GTA V hazilalamiki kwenye 1080p, lakini gemu mpya zenye ulimwengu mkubwa zinanilazimisha kushusha texture (ubora wa sura za vitu kwenye gemu) hadi Medium, la sivyo picha zinachelewa kujichora. RAM unaongeza, SSD unabadilisha, kumbukumbu ya kadi imechomelewa kwenye bodi. Kama unaweza kujikaza kidogo, tafuta RTX 3060 ya 6GB, hata ikija na prosesa hii hii.