Daftari au simu: taarifa za familia ziwekwe wapi, mpendwa akipotea?

Mvuvi wa Amu (Lamu) asiporudi, au mzee mwenye kusahau akitoka mtaa wa Langoni asionekane, polisi watauliza yale yale: jina kamili, namba ya kitambulisho, umri, alama mwilini, alivaa nini, anatumia dawa gani.

Kwa picha, simu haina mpinzani. Picha ya karibuni, uso wote ukionekana, hufika Shela, Matondoni na Mokowe kwa WhatsApp papo hapo. Lakini chaji huisha, na mara nyingi anayeijua nywila ndiye huyo aliyepotea.

Daftari yeyote atalifungua, hata jirani. Humo andika kovu liko mguu upi na jino lipi limeng'oka. Kwa mvuvi ongeza jina la chombo, rangi yake, namba ya usajili, wenzake baharini na mahali wanapopenda kutega. Haya mke huyajua nusu tu, na siku ya hofu hata hiyo nusu humtoka. Ubaya wa daftari, watu husahau kulisahihisha.

Mimi nachagua daftari kwanza, kisha kurasa zake zipigwe picha, atumiwe ndugu anayeaminika aliye mbali, tuseme Mombasa. Na tafadhali, msingoje saa 24. Nendeni kituoni mara moja, mchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.