Phyphox: fizikia ya mchapuko ndani ya matatu ya Jogoo Road

Wanafunzi wangu wa tuisheni, wengi wao wa Kidato cha Tatu kutoka Umoja na Donholm hapa Nairobi, wameikariri v = u + at hadi basi: mwendo wa mwisho (v) ni ule wa mwanzo (u) ukijumlisha mchapuko (a), yaani jinsi mwendo unavyobadilika kila sekunde, mara muda (t). Wape u, v na t, watakutolea a kabla hujamaliza kusoma swali. Sasa waulize basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, mwendo uleule, barabara imenyooka, lina mchapuko kiasi gani. Nusu yao watasema mkubwa sana, kumbe ni sifuri. Hesabu wanayo, kitu chenyewe hawana.

Ndiyo maana nikapakua Phyphox, programu ya simu iliyoundwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, na kutolewa 2016. Ni ya bure, haina matangazo, na ikishaingia kwenye simu haili bando. Kwa mwalimu anayelipwa kwa M-Pesa kidogo kidogo, hizo ni sifa kubwa.

Inachofanya ni kusoma kile kihisi kinachojua umelaza simu ili skrini igeuke. Kihisi hicho hupima mchapuko katika pande tatu, x, y na z, na Phyphox inauchora papo hapo kwa mita kwa sekunde mraba. Unabonyeza alama ya kuanza, mstari unatembea.

Tulianza na matatu. Simu tuliifunga kwa mpira kwenye chuma cha kiti, upande wake mrefu ukitazama mbele, kisha tukafungua jaribio la mchapuko usio na g, yaani mvuto wa dunia ukiwa umeondolewa. (Ushauri wa bure: kaeni viti vya katikati. Simu kando ya dirisha lililo wazi pale Muthurwa haifiki mjini.) Dereva akikanyaga mafuta kutoka stejini, mstari unapanda hadi moja na nusu hivi. Akishika mwendo, unarudi sifuri na kukaa hapo, ukitetemeka kwa sababu ya injini na mashimo. Konda akigonga bodi na breki zikashikwa ghafla, unazama hadi hasi nne.

"Mwalimu, mbona inasoma sifuri na tunaenda mbio hivi?" msichana mmoja akaniuliza. Nilinyamaza. Aliyemjibu ni jirani yake: "Kwani mbio zimeongezeka?" Hapo nikajua pesa ya nauli imerudi.

Ile alama ya hasi nayo ilitibu ugonjwa mwingine. Wengi huamini mchapuko hasi maana yake gari linarudi nyuma. Grafu inaonyesha hasi huku matatu bado inasonga mbele kuelekea City Stadium, ila inapunguza mwendo. Na pale kwenye mzunguko, hata dereva asipobadilisha mwendo, mstari wa upande unainuka wakati abiria wote wanaegemea nje. Kilomita 30 kwa saa kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 20 ni karibu 3.5, kwa sababu kugeuza mwelekeo tu kunatosha kuleta mchapuko. Vitabu vya darasani hulisema hilo kwa sentensi moja kavu.

Lakini penye utamu ni lifti. Tafuta jengo refu mjini, umwombe askari wa mlangoni kwa adabu, ulaze simu sakafuni na uchague jaribio la mchapuko wenye g. Kabla lifti haijaondoka inasoma karibu 9.8, na hapo ndipo maswali huanza, maana simu imetulia tuli. Kihisi hupima jinsi sakafu inavyoisukuma simu. Ukiiachia ianguke juu ya godoro, kwa muda ule mfupi wa hewani itasoma karibu sifuri. Lifti ikianza kupanda, namba inapita 9.8. Katikati ya safari inarudi palepale 9.8, ingawa ghorofa zinapita. Ikikaribia kusimama, inashuka chini ya 9.8. Mkiteremka, mpangilio unageuka. Vijana wangu walitarajia namba iwe kubwa njia yote ya kupanda, wakabishana humo ndani hadi mama mmoja aliyebeba mafaili akauliza kama tunarekebisha lifti.

Kasoro zipo, na nyingi ni za simu zenyewe. Simu za bei ya chini mara nyingi hazina jairoskopu, kihisi kinachopima simu inavyozunguka, hivyo ule mchapuko usio na g huwa wa kubahatisha au haupatikani kabisa. Kuna pia jaribio la lifti linalotumia kipimo cha shinikizo la hewa, ambacho simu nyingi za wanafunzi hazina. Usiitegemee kupima g ya Nairobi pia: kwa kuwa tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,700, thamani yake halisi ni kama 9.78, lakini kihisi cha simu kinaweza kukosea zaidi ya tofauti hiyo.

Programu yenyewe haifundishi. Inachora grafu na kukuachia. Mwanafunzi akiwa peke yake ataona mstari unaorukaruka, acheke, kisha arudi TikTok. Lazima awepo mtu wa kumwambia atabiri kwanza, achore kwa penseli anachotarajia, ndipo abonyeze. Wala haitachukua nafasi ya ile tepu ya karatasi ya maabara, inayovutwa na kigari huku ikipigwa nukta 50 kwa sekunde; mitihani ingali inaipenda, na kupima nafasi kati ya nukta kwa rula kunafundisha kitu ambacho grafu iliyokwisha chorwa haifundishi.

Naipa nne kwa tano. Mzazi mwenye mtoto anayesumbuliwa na sura hii, pakua kabla ya kulipia tuisheni ya ziada, hata yangu. Kama simu yako ni ya kawaida, anza na lifti; matatu ifuate baadaye, na si saa ya msongamano, kwa sababu kwenye foleni ya Jogoo Road utapata sifuri ya kukuchosha.