Kikokotoo cha mlipuko cha SaferGuard: uzoefu wangu Pemba

Nakitumia kikokotoo cha Kingery-Bulmash, kimoja katika zana za SaferGuard, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kutunza silaha za mlipuko kwa usalama, kupangia stoo ya baruti ya kuvunjia mawe huku Pemba. Ni bure. Unaingiza uzito wa baruti na umbali, nacho kinakutolea nguvu ya wimbi la mlipuko mahali hapo.

Uzito unaotakiwa ni wa baruti peke yake, bila makasha, ukigeuzwa kuwa wa TNT, yaani kilo za TNT (kilipuzi cha kulinganishia) zenye nguvu sawa nayo. Kwa ANFO, baruti ya mbolea ya nitrati na mafuta, zidisha kwa 0.82 hivi. Ukiingiza uzito wa kwenye hati ya mzigo, pamoja na makasha, majibu yote yameharibika.

Chukua kilo 1,000 za TNT. Kipeuo chake cha tatu ni 10. Ili kupata umbali wa usalama, miongozo ya IATG (ya kimataifa ya kutunza risasi na mabomu) huzidisha kipeuo hicho kwa 22.2 kwa nyumba za watu, yaani mita 222, na kwa 14.8 kwa barabara, mita 148. Hapo mita 222 kikokotoo kinatoa kilopaskali 5 hivi za shinikizo: vioo vinapasuka na mapaa yanaathirika. Kwa hiyo umbali huo si wa kulala usingizi, ni wa kupunguza madhara.

Kisiwani ardhi ni finyu, na hapa ndipo hesabu inaposaidia zaidi. Kuupunguza umbali nusu kunataka baruti ipungue mara nane: kilo 125, mita 111. Mimi naona bora kuleta mzigo mdogo mara nyingi kuliko kubishana na sheha, kiongozi wa mtaa, juu ya kiwanja.

Kikokotoo hakijui bonde wala kilima. Kinachukulia ardhi tambarare, mlipuko ukiwa juu ya udongo. Vipande vinavyoruka hakivihesabu kabisa. Maghala ya jeshi ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, Dar es Salaam, yalipolipuka, mabomu yaliangukia makaazi ya watu mbali na maghala. Na mikarafuu isikudanganye, miti si tuta la udongo la kukinga mlipuko.

Ukichora duara la umbali huo kwenye ramani, usisahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Chake Chake ni -5.25, ukiiacha alama utatua kusini mwa Ethiopia.

Nakiamini kukataa kiwanja, si kukipitisha. Na upime tena kila msingi wa nyumba mpya unapochimbwa jirani na stoo.