xeno-canto: tovuti iliyonisomeshea sikio kwa ajili ya ndege wa Shimba Hills

Msituni darubini haikufikishi mbali. Mimi hujitolea na kikundi kinachohesabu ndege Shimba Hills, hifadhi ya Kwale, Pwani ya Kenya, iliyotangazwa 1968, na kule ndani majani yamefungamana hata ndege aliye juu ya utosi wako humwoni. Unasimama mahali pamoja dakika 10, unaandika kila unayemsikia, kisha unasogea. Sikio lisilosomeshwa litarudi na karatasi tupu.

Sikio langu nimelisomesha kwa xeno-canto, tovuti ya bure ya sauti za ndege iliyoanzishwa 2005 na Bob Planqué na Willem-Pier Vellinga wa Uholanzi. Walianza na ndege wa Amerika Kusini, sasa wapo wa dunia nzima, rekodi mamia ya maelfu zilizoletwa na watu wa kawaida.

Zipo programu za simu zinazokutajia jina la ndege papo hapo. Tovuti hii hukupa rekodi na maelezo yake, ukajifunza mwenyewe: nani alirekodi, wapi, tarehe gani, saa ngapi, na kama ndege alikuwa anaimba, anaita au anatoa sauti ya hofu. Ubora umepangwa kwa herufi, A hadi E. Wengi husikiliza A peke yake. Mimi nasema sikiliza na C na D, zenye upepo, nyenje na ndege wengine nyuma, kwa kuwa hivyo ndivyo msitu ulivyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Faida yake niliiona kwa pugi, wale njiwa wadogo wa porini. Huku kwetu tunao wawili wanaochanganywa sana, Turtur chalcospilos na Turtur tympanistria. Wote huanza polepole, "hu... hu...", kisha wakaharakisha. Niliwasikiliza kwa zamu kwenye matatu ya Likoni hadi Kwale, visikizi masikioni, mmoja kisha mwenzake, mpaka tofauti ikajitenga: chalcospilos huteremsha sauti kadiri anavyoharakisha, tympanistria hubaki karibu pale pale alipoanzia. Halafu nikatazama sonogramu, ule mchoro wa sauti ulio juu ya kila rekodi, na mteremko wenyewe ukaonekana kwa macho. Hapo nilipata imani na masikio yangu. Jambo hili si dogo kwenye hesabu, maana tympanistria ni wa msitu mzito na mwenzake ni wa vichaka. Ukiandika mmoja mahali pa mwingine, umeeleza msitu ambao haupo.

Vitororo, vindege vidogo vyenye mlio wa kugonga, ni rahisi zaidi. Mwenye kiuno cha njano hugonga noti chache, akapumzika, akarudia. Mwenye paji jekundu hugonga mfululizo bila kupumua. Hondohondo mkubwa wa msituni hahitaji hata somo, analia kama mtoto mchanga.

Sauti hizi zisomee nyumbani. Usizipige msituni wakati wa hesabu. Ndege akidhani mgeni kaingia eneo lake huacha kulisha, huja mbio kujibu, na wewe unamhesabu mahali ambapo hakuwepo. Wakati wa kuzaa ni dhuluma kabisa. Nafurahi kwamba tovuti yenyewe huzifungia rekodi za baadhi ya ndege walio hatarini kuwindwa au kusumbuliwa.

Linaloniuma ni uchache wa sauti za Pwani yetu ukilinganisha na za Ulaya, ambako kindege cha bustanini kina rekodi maelfu. Tovuti haina lawama, hupokea kinacholetwa. Na yapo ambayo rekodi haifundishi. Mzee wa Kidigo anayetuongoza hunyanyua kidole tu: "Sikiza chini, mwanangu, si juu." Kimo anachokaa ndege, mti anaoupenda, msimu anaonyamaza, hayo utayapata kwa kutembea na mtu kama yeye.

Kusikiliza hakuhitaji akaunti. Kupakia rekodi yako ndiko kunakohitaji. Bando huliwa haraka, kwa hiyo pakua usiku ukiwa na Wi-Fi, upange faili kwa majina ya kisayansi, na uanze na ndege kumi wa msitu unaokwenda. Ukiwa na simu nzuri na umerekodi kitororo au pugi wako, ipakie hata kama upepo umeingia. Kilifi, Kwale na Mombasa bado tuna nafasi kubwa kwenye ramani yao.